Sindano Haibishani na Mkasi

Watu walimwita Redio, wala si kwa ajili ya sauti nzuri. Alikuwa mke wa fundi wa majokofu, na jambo likitokea mtaani, yeye alilijua kabla wenyewe hawajamaliza kulifanya. Nani kahama, nani karudi kwao kwa hasira, nani kanunua makochi ya kuwatisha wageni na huku bado analala chini. Na akishalijua, halilali. "Tumbo langu halina mfuniko," alipenda kusema, kisha anacheka mpaka majirani wanafungua madirisha kuuliza kuna nini.

Kipaji hicho kila mtu alikilaani, mpaka siku Daktari alipokiajiri.

Daktari mwenyewe hakuwa wa kupima homa. Alikuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa chuoni, mwanamke wa miwani mikubwa na viatu vya kimya, na alikuwa anatafiti jambo moja: watu wanaoishi nyumba moja hukubaliana vipi kabla ya kwenda kumchagua diwani. Badala ya kupita mlango kwa mlango, aliwakusanya watu mtandaoni, wachache wachache, kila mmoja akiwa kwake na simu yake. Wanaingia kwenye ukurasa mmoja wa kuandikiana, hakuna sura, hakuna sauti, na kila mtu anajibandika jina analolitaka. Majina halisi yalikuwa kwa Daktari tu, ndani ya kabati lenye kufuli.

Mpango mzuri. Tatizo lilikuwa moja: watu hawakusema kitu. Daktari aliwaandikia, "Nini mtazamo wenu kuhusu uamuzi wa kisiasa katika kaya?" Wakajibu, "Mzuri." Mwingine, "Mzuri sana." Mwingine, "Naunga mkono hoja." Mmoja alituma picha ya maua yenye maneno Asubuhi Njema, na ilikuwa alasiri.

Katikati ya balaa hilo jokofu la ofisini likafa. Fundi akaitwa, mkewe akamfuata na chakula chake cha mchana, na kabla gesi haijajaa Daktari alikuwa ameshamweleza yule mama habari za mwenye nyumba wake, za mchumba aliyempita kama basi lisilosimama, na sababu ya kutosemezana na dada yake.

"Umenifanyaje wewe?" Daktari aliuliza, ameshika kifua.

"Nimekuuliza tu, dada yangu," akasema Redio.

Ndivyo alivyopata kazi ya kuwa mratibu wa mjadala. Aliahidi kwa maandishi mambo mawili: yanayosemwa ndani ya kikundi yatabaki ndani ya kikundi, na akimtambua mshiriki yeyote atasema papo hapo. Mumewe aliposikia alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Wewe? Siri? Afadhali wangeyapeleka maji kwenye kichujio yakatunzwe!"

Redio alicheka naye, lakini kicheko hicho kilikuwa na mwiba. Maana kulikuwa na nyumba moja ambayo hakuijua, na ndiyo aliyoolewa. Kwa wakwe zake, akitia tu mguu jikoni, mazungumzo yalikufa kama taa iliyozimwa. "Redio imewashwa," mtu angenong'ona, kisha wote wanaanza kusifu hali ya hewa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa kiongozi wa mchezo huo. Mambo yakinoga, yeye humgeukia mkwewe kwa upole wa asali: "Mwanangu, hebu nenda kanitazamie kama nguo zimekauka." Na Redio anakwenda, anasimama uani kuitazama kamba isiyo na hata soksi moja. Habari za mtaa mzima zilikuwa zake, lakini hakujua hata mama mkwe wake anapenda nini. Jambo hilo lilimuuma, na alilificha kwa kucheka zaidi.

Kikundi cha mwisho kabla ya uchaguzi kilikuwa cha wanawake watupu. Redio aliketi kwenye meza ya Daktari, bakuli la karanga mkono wa kushoto, akaandika: "Haya wapendwa, karibuni. Hapa hakuna jibu la kufaulu wala la kufeli. Wanaosema penye kuku wengi usimwage mtama, leo wamekosea. Mwageni, kuku tupo!"

Wakaanza kujitokeza. Mama Kesho. Bahari Tulivu. Sina Neno, ambaye kama ilivyotarajiwa alikuwa na maneno kuliko wote. Na Pilipili Hoho.

Redio hakuuliza habari za kaya. Aliuliza, "Nani nyumbani kwenu hujifanya msemaji wa familia siku za uchaguzi?"

Ukurasa ukachemka. Diwani alitafutwa kati ya wagombea wawili, mmoja alama yake mwavuli, mwingine ngazi, na ilionekana kila nyumba ina mtu aliyejiteua kuzisemea kura za wenzake.

"Kaka yangu," aliandika Sina Neno. "Mpaka paka wetu kamwingiza Mwavuli, na paka mwenyewe hana habari."

"Kwetu ni mama mkwe," akaandika Bahari Tulivu. "Akisema Ngazi, naitika 'abee mama, Ngazi.' Kisha naenda zangu na ya kwangu moyoni."

Pilipili Hoho hakuwa mtu wa kukatakata maneno. Aliandika sentensi nzima, na nukta akaiweka mahali pake. "Kwangu ni mume wangu. Fulana ya Mwavuli analala nayo. Anawatangazia watu kwamba nyumba yake nzima ni Mwavuli, nami nimekaa hapohapo naendelea na kazi yangu."

"Na wewe unamwambia nini, dada?"

"Simwambii kitu. Sindano haibishani na mkasi. Husubiri mkasi umalize."

Karanga ilibaki njiani, katikati ya bakuli na mdomo.

Methali hiyo haimo katika kitabu chochote. Hakuna babu aliyeisema wala bibi aliyeirithi. Ilitungwa na mwanamke mmoja tu chini ya jua, mshonaji wa sare za shule, ambaye methali za wazee zilipombana kiunoni alijishonea zake. Redio aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, siku fundi rangi alipokuwa anambishia yule mama rangi ya mlango. Fundi alisema wee mpaka akachoka, na mlango ukapakwa rangi aliyoitaka mama.

Mama mkwe!

Na Pilipili Hoho alikuwa bado anaandika. "Uchaguzi uliopita nilimpigia Ngazi, na huu pia nitampigia huyohuyo. Yule muuza dawa anayegombea kwa Ngazi alikuja kuuona mfereji unaonuka mbele ya chumba changu cha kazi. Akaniuliza, 'Mama, wewe unaonaje?' Nilishtuka mpaka nikajichoma kidole. Sijazoea kuulizwa."

Hebu fikiria habari hiyo ilivyompanda Redio kooni. Baba mkwe wake ndiye aliyekuwa mpiga debe mkuu wa Mwavuli, mzee wa kipaza sauti, anayezunguka mitaa akiwaambia watu wamwige yeye alivyoiweka familia yake mstari mmoja. Na mkewe, aliyemfulia fulana hiyo ya Mwavuli na kuipiga pasi, alikuwa Ngazi tangu uchaguzi uliopita! Habari kama hiyo mtu huipata mara moja maishani.

Alitakiwa ainuke pale pale akamwambie Daktari, kuna mtu namjua. Lakini kusema namjua mmoja ni nusu ya kusema ni nani. Akaitia karanga mdomoni, akatafuna polepole, akauliza swali lililofuata.

Jioni mumewe alimwuliza, "Vipi leo, umevuna?"

"Kawaida tu."

Mume akaweka kijiko chini, akamgusa paji la uso. "Unaumwa?"

Jumapili walikwenda kula kwa wakwe, kama kawaida, na nyumba ilijaa kama kawaida. Baba mkwe alikuwa na fulana yake, na sauti yake. "Nyumba hii," alisema akigonga meza, "hata mlango ukilia, unalia Mwavuli! Au sivyo, mama watoto?"

"Ongeza chai," alisema mama mkwe, akammiminia.

Redio alipaliwa. Wakampigapiga mgongoni, na mumewe akasema huyu siku hizi si mzima, haongei, nimempeleka kazi nimerudishiwa mtu mwingine. Watu walicheka. Mama mkwe hakucheka. Alimtazama mkwewe kwa muda, kama mtu anayekadiria kitambaa, halafu akasema, "Mwanangu, nenda kanitazamie nguo."

Akaenda. Kamba ilikuwa tupu. Alisimama hapo na siri yake, anataka kulia na anataka kucheka.

Balaa lilianzia kwa furaha ya Daktari. Siku moja Redio aliingia ofisini akamkuta anazunguka chumba bila viatu.

"Nimepata kichwa cha ripoti!" alisema Daktari. "Nimesoma kurasa zote, na sentensi moja imebeba utafiti mzima. Sikiliza: Sindano haibishani na mkasi. Itakuwa ukutani, herufi kubwa hivi, siku tukiwasomea wananchi matokeo kule ukumbini. Nimewaalika watu wa pande zote, Mwavuli na Ngazi."

Redio aliketi, ingawa pale hapakuwa na kiti bali katoni la karatasi.

"Hilo litoe, Daktari."

"Nilitoe? Hilo ndilo johari. Na jina sijaweka, hata lile la kujibandika nimelifuta. Nimeandika 'mshiriki, mwanamke', basi."

"Jina umefuta, nyayo umeziacha. Kuna watu maneno yao ni kama mwendo wao. Hata wajifunike shuka gubigubi, ukiwaona kwa mbali unasema yule fulani."

Daktari alivua miwani. Jokofu lililotengenezwa likanguruma kwa niaba ya wote.

"Unamjua," alisema.

Redio aliitikia kwa kichwa.

"Ulitakiwa kuniambia siku ileile."

"Nilitakiwa."

"Na hukusema. Wewe!"

"Mimi, ndiyo. Najishangaa."

Daktari alipumua. "Basi nitamwandikia mwenyewe, faragha. Nimwombe ruhusa. Akikubali tunaweka, akikataa tunatoa."

"Usimwandikie!" Redio aliruka kutoka kwenye katoni. "Daktari, nyumba zetu hizi simu ni ya aliye karibu nayo. Mume akiona taa inawaka anaisoma, anadhani ni ya kwake. Ukimwuliza, umemtangaza. Itoe tu, nakuomba."

Daktari aliifikiria sana, na haikuwa rahisi kwake, maana ilikuwa kama kumwambia mtu ang'oe mlango wa mbele wa nyumba aliyoijenga. Mwishowe akaifuta. Lakini akasema pia, bila ukali, "Baada ya uchaguzi nina vikundi vingine. Sijui kama nitakupa. Sheria uliivunja."

"Sawa," alisema Redio. Kazi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kufanya kwa mikono au kwa mdomo. "Sawa, Daktari."

Siku ya ukumbini watu walikuja wengi, maana kulikuwa na soda. Baba mkwe alikaa safu ya mbele na fulana yake, na ubavuni kwake mama mkwe, amevaa nguo mpya ya bluu iliyomkaa kama alizaliwa nayo. Redio alikuwa nyuma kwenye mashine ya kuonyesha picha. Ukutani pakatokea: Washiriki Kadhaa Walieleza Tofauti za Mtazamo Katika Kaya. Mtu alipiga miayo, ikaenea safu nzima.

Daktari alieleza kwamba wako wanawake, si haba, wanaopiga kura tofauti na waume zao na hawasemi. Baba mkwe akainuka, hata kipaza sauti hakukihitaji. "Daktari, tunashukuru kwa elimu. Lakini hao wanaowaficha waume zao ni wa mitaa mingine! Kwetu hawapo!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mama mkwe hakugeuka kumtazama. Aliutazama ukuta mpaka picha ya mwisho, kama mtu anayengoja basi, na basi la mwisho lilipopita, akageuka nyuma, akamtafuta Redio kwa macho.

Waliporudi nyumbani, alimwita kwenye chumba cha kushonea. Sare zilikuwa zimerundikana hadi dirishani, na harufu ya mfereji ilikuwepo, imekaa kama mpangaji.

"Funga mlango," alisema. Kisha, "Ile ya sindano imekwenda wapi?"

"Sindano gani, Mama?"

"Usinichezee, mtoto wewe. Mratibu gani mwingine duniani anawaambia watu wamwage mtama, kuku tupo?"

Redio akakaa juu ya kaptula za darasa la kwanza. "Mama, kumbe ulinijua!"

"Nilikujua kabla hujafika nukta. Nilitaka kutoka. Halafu nikajisemea, tulia, huyu ndiye mtu wa kuyafikisha. Sasa nijibu. Imekwenda wapi?"

"Nimeitoa mimi. Daktari alitaka kuiweka ukutani, na Baba angeitambua palepale mbele za watu. Nilikuwa nakulinda, Mama."

"Angeitambua palepale, ndiyo nilichotaka!" Mama mkwe alipiga meza, mkasi ukaruka. "Unadhani nguo hii nimejishonea ya nini? Daktari alituahidi washiriki kwamba maneno yetu tutayaona ukutani, nikakaa karibu naye makusudi. Nikasema ikitokea pale ukutani, yule mwanaume atanigeukia, na kwa mara ya kwanza ataniuliza. Tangu anioe ameniuliza chumvi iko wapi, funguo ziko wapi, fulana yake iko wapi. Naonaje? Hajaniuliza hata siku moja. Nikangoja. Hata kabla ya siku ya ukumbini nilingoja majirani waje kunicheka, nikafurahi, nikasema mkwe wangu hawezi kukaa nayo, itafika tu. Kimya! Mara moja maishani naitegemea Redio itangaze, betri zimekwisha!"

Walitazamana. Nani alianza kucheka haikujulikana, lakini walicheka mpaka mama mkwe akajifuta macho kwa kola ya mtoto wa watu.

"Hata mumeo hukumwambia?" aliuliza alipopata pumzi.

"Hata yeye. Alitaka kunipeleka hospitali."

"Mh." Mama mkwe alikunja kola ile polepole. Sauti ikashuka. "Nakushukuru. Ila, mwanangu, hata wewe hukuniuliza. Mliamua huko, wewe na Daktari wako. Mkaona mama huyu afunikwe."

Hilo lilimwingia Redio kuliko kelele zote. Alikuwa amelipwa kwa kuuliza, na mtu aliyestahili kuulizwa kuliko wote, yeye Redio alimziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa upendo.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Basi nakuuliza sasa. Unataka Baba ajue?"

"Sitaki aambiwe. Nataka aulize."

Redio aliinuka, akajipangusa nyuzi, akaenda sebuleni. Baba mkwe alikuwa ametoa viatu, anatazama mpira na mwanawe, na wote wawili walikuwa wanamfundisha kocha kazi.

"Baba, nina swali. La kazini."

"Uliza, mwanangu, mimi sina hiana. Ila mpira unaendelea."

"Hivi umewahi kumwuliza Mama anampigia nani kura?"

Mzee akacheka. "Nimwulize? Mimi namjua kama mfuko wa suruali yangu! Mama yenu ni Mwavuli, au siyo?"

Redio hakucheka. Hakuitika wala hakukataa. Alikaa tu, mikono magotini, akamtazama kwa upole kama anayengoja mtu amalize sentensi yake. Mumewe alifungua mdomo kusaidia, Redio akamfinya, akaufunga. Kicheko cha mzee kilizunguka chumba, hakikupata pa kukaa, kikarudi kwake. Akageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Ama?" alisema mzee. Akakohoa. "Mama watoto... hivi wewe, kwani... wewe unaonaje?"

"Zima hiyo televisheni," alisema mama mkwe.

Ikazimwa, na mpira ulikuwa unakaribia goli.

Mume wa Redio aliondoka kwa ncha za vidole, kama mtu anayejua mvua inanyesha wapi. Redio naye akainuka. Nyumba hii aliijua: mambo yakinoga, kuna kamba uani ya kutazamwa. Akaanza kuelekea mlango wa nyuma bila kutumwa.

"Wewe unakwenda wapi?" alisema mama mkwe, akivuta kigoda kwa mguu mpaka kikagusana na kiti chake. "Kaa hapa."

"Kwani ni habari ndefu?" aliuliza mzee.

"Ndefu," alisema mkewe, akaketi, akanyoosha nguo yake ya bluu magotini. "Tuanzie kwenye huo mfereji."